Watano wa Kwanza na Kijana wa Nje

Katika kazi zote za wanadamu sidhani kama iko yenye mabingwa wengi kama kazi ya kuchagua wachezaji. Mgonjwa humwachia tabibu kazi yake, na abiria humwachia nahodha usukani. Lakini mtazamaji wa mchezo hamwachii mwalimu wa timu hata jambo moja. Aketiye chini ya mwembe hujua nani alifaa kuanza, nani alifaa kutolewa, na ni dakika gani mambo yalipoharibika. Tena hujua hayo baada ya mchezo kwisha, wakati ambapo kila mtu ni mwenye hekima. Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Nimekuwa mtazamaji kwa miaka mingi na mwalimu wa mchezo kwa miaka kadha. Nimehukumu na kuhukumiwa. Nataka kueleza jambo moja nililojifunza kati ya nafasi hizo mbili, nami nilijifunza kwa kuchelewa.

Mji wetu wa Ifakara umelala katika bonde la mto Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Mtu afikaye kwa treni ya TAZARA, au kwa basi litokalo Mikumi kupitia Kidatu na Mang'ula, hulakiwa na mpunga: mpunga mashambani, mpunga juu ya maturubai kando ya njia, mpunga katika magunia mbele ya mashine za kukoboa. Mbele ya mashine moja ya namna hiyo palikuwa na benchi refu la mbao, na muuza kahawa aliyekuja kila alasiri na birika lake na kashata zake. Hapo ndipo lilipokuwa baraza letu. Wasemaji wakubwa walikuwa watatu: mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, fundi wa mashine yenyewe, na mama mmoja mkulima ambaye mwanzo alikuja kukoboa mpunga wake na kusikiliza tu, mwisho akawa msemaji kutupita sisi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Kwa kuwa jioni niliwafundisha vijana mpira wa kikapu, wenzangu walinipa cheo cha mtaalamu, cheo ambacho sikukikataa ingawa sikukistahili.

Siku nyingi baraza lilizungumza habari za Simba na Yanga. Lakini mwezi wa Juni mwaka 2009 ilikuja habari iliyosukuma kando mpira wa miguu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2 na sentimita 21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hapakuwa na Mtanzania aliyepata kufika huko kabla yake. Alianza kuushika mpira huo akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao kijana wa Kimarekani huwa amekwisha kuucheza miaka mingi; akaenda Marekani kusoma, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya mwalimu Jim Calhoun, na huko akajipatia sifa kubwa kwa kuzuia mitupo ya wapinzani. Timu iliyomchukua ilikuwa Memphis Grizzlies. Siku ile watu ambao hawajapata kuuona mchezo wenyewe walishikana mikono barabarani kana kwamba kila mmoja wao amepata mtoto.

Furaha ile ikazaa ubishi. Msimu ulipoanza tulitazamia kusikia kwamba kijana wetu yumo katika watano wa kwanza. Hakuwamo. Nafasi ya mchezaji wa kati ilikuwa ya Mhispania Marc Gasol, na mwalimu wa timu, Lionel Hollins, alimwingiza Hasheem kwa vipindi vifupi. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika kama 13, ilhali mchezo mzima ni dakika 48. Mwezi wa Februari 2010 ikaja habari nzito zaidi: ameshushwa kwenda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Hakuwahi kupelekwa huko mtu aliyechaguliwa juu kama yeye. Baada ya muda mfupi alirudishwa Memphis, lakini neno "kushushwa" lilikuwa limekwisha kuingia mioyoni mwetu, wala halikutoka upesi.

Yafaa msomaji ajue kwamba sisi tuliokuwa tukibishana hatukuwa tumeuona hata mchezo mmoja mzima wa Memphis. Saa moja ya jioni kule ni saa kumi ya alfajiri kwetu, wakati ambapo Ifakara yote imelala isipokuwa jogoo na mbu. Gazeti lilikuja kwa basi, likafika jioni likiwa limejaa vumbi la njiani. Ndani yake tulipata hesabu tatu nne: dakika alizocheza, pointi alizofunga, mipira aliyodaka. Juu ya hesabu hizo chache tulijenga majumba ya ghorofa. Hatukujua mazoezi yake yalikuwaje, wala goti lake lilikuwaje, wala alilalaje usiku baada ya kuzomewa. Lakini tulijua kwa yakini kwamba alistahili dakika 30.

Mzee wa reli alikuwa upande wa kijana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Alisema: "Waliomchagua wa pili walimjua kuwa ni mbichi. Mtu hanunui ndizi mbichi kisha akailaumu kwa kutoiva siku ile ile. Kama wamemtaka, wamchezeshe akosee, akosee tena, mpaka makosa yamwishe. Mimi nilipoanza kuendesha treni nilitetemeka. Lakini nilifundishwa juu ya injini, sikufundishwa stesheni." Na mzee yule aliposema neno injini, baraza lilinyamaza kwa heshima.

Fundi wa mashine alikuwa upande wa mwalimu. Yeye alikuwa mtu wa hesabu, kwa maana kazi yake ilikuwa kupima debe na kukata ujira. Alisema kwamba Hollins si mtu asiyeujua ujana: yeye mwenyewe alichaguliwa wa sita mwaka 1975, akawa bingwa pamoja na Portland mwaka 1977. Tena mwalimu wa timu haulizwi amelea wangapi, huulizwa ameshinda mara ngapi. Memphis ilishinda michezo 24 katika msimu wa 2008 hadi 2009. Msimu uliofuata ilishinda 40. "Je," aliuliza, "wale wengine waliotoka jasho mpaka wakapata ushindi huo, wao si watoto wa watu? Haki ya kijana mmoja yaweza kuwa dhuluma kwa wanne."

Mama mkulima hakuwa upande wowote, nasi tulimdhania hakuelewa. Siku moja alisema hivi: "Nyinyi mwagombana kama watu wasiolima. Mpunga una njia mbili. Mwingine twaumwaga shambani moja kwa moja, ukaota wenyewe, mwingi ukaliwa na ndege. Mwingine twautia kitaluni, tukautunza, kisha tukaung'oa kuupandikiza. Mche ung'olewao mchanga mno huzama majini, na ule ukaao kitaluni mno hudumaa, hauzai machipukizi. Basi kitalu si adhabu, wala shamba si zawadi. Lakini atiaye mbegu kitaluni huhesabu siku. Asiyehesabu siku, huyo hana kitalu, ana nyasi." Tulicheka, tukamsifu kwa maneno matamu, kisha tukarudi kwenye ubishi wetu. Nami nilicheka pamoja na wengine. Laiti ningalisikia.

Katika ubishi ule hapakuwa na mtu aliyemtetea Hollins kwa ukali kama mimi. Fundi alimtetea kwa hesabu, mimi nilimtetea kwa hasira. Nilisema kwamba watazamaji ni watu wa huruma ya bei nafuu. Kwamba mwalimu ndiye aonaye mazoezi, na asiyeona mazoezi anyamaze. Kwamba kushushwa ni elimu. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli yaweza kusemwa kwa sababu isiyo ya kweli, na sababu yangu niliificha. Nilikuwa nikijitetea mwenyewe kwa jina la mtu wa Memphis.

Sasa nieleze. Shuleni kwetu tulikuwa na kiwanja cha mpira wa kikapu ambacho wanafunzi walikitengeneza wenyewe kwa udongo wa kichuguu, wakaushindilia mpaka ukawa mgumu. Nguzo zilikuwa za mti wa msaji, na pete za chuma zilifuliwa na fundi wa mjini. Mvua ikinyesha hapakuwa na mchezo, na bondeni mvua hunyesha sana. Mwaka 2010 nilikuwa na wachezaji kumi wa kutegemewa, wengi wao wa kidato cha tatu na cha nne, nami nilitamani timu ile ifike mbali katika mashindano ya UMISSETA ya mwezi wa Juni. Sitaki kudanganya: nilitamani kwa ajili yao, na nilitamani kwa ajili yangu pia.

Mwaka ule ule alikuwapo kijana mmoja wa kidato cha pili, mwana wa wakulima wa ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Lupiro. Alikuwa mrefu kupita mwalimu yeyote wa shule. Aliniambia kwamba kwao urefu wake haujapata kumletea sifa, ila kutumwa kuangua maembe. Alikuwa mpole, mwepesi wa kutii, na mzito wa miguu. Mikono yake ilijua kudaka, lakini miguu yake haikujua pa kukanyaga. Wanafunzi walimwita Hasheem. Jina lile lilimpendeza. Nilimwona akitabasamu kila alipoitwa, na aliliandika kwa kalamu ya wino juu ya kiatu chake cha kulia.

Watu wa mjini nao walimwona. Kila nilipopita sokoni niliulizwa: "Mwalimu, yule mrefu ataanza lini?" Muuza kahawa aliniuliza, na hata mwenye duka alininyima chenji yangu mpaka nimjibu. Mwanzo wa mwezi wa Februari tulialika shule nyingine kwa mchezo wa kujipima, na watu wakaja wengi. Nikamwanzisha. Leo nikijiuliza kwa nini nilifanya hivyo, jibu la uaminifu ni kwamba nilichoka kuulizwa. Sikumwanzisha kwa kuwa amekomaa, nilimwanzisha kwa kuwa watazamaji wamekuja kumtazama.

Shule ile nyingine ilikuwa na mchezaji wa kati mfupi, mnene, mzoefu wa mambo. Hakuruka hata mara moja kushindana na kijana wangu. Alimvuta kwa mabega, akamzunguka, akampitia chini ya kwapa. Kijana alikosa mtupo wa kwanza na wa pili. Akafanya makosa matatu kabla jasho halijamtoka. Mara ya nne alianguka peke yake, bila kuguswa, na kiwanja kizima kikacheka. Mtu mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, ng'oa mlingoti huo!" Nikamtoa. Nilimtoa kwa ishara ya mkono, kama mtu afukuzaye kuku jikoni, bila kumtazama usoni. Akaketi mwisho wa benchi, kichwa kati ya magoti, na kiatu chenye jina akakifunika kwa kiatu cha pili.

Siku ya Jumatatu nilibandika karatasi ya majina ukutani kama desturi. Jina lake halikuwamo katika kumi. Lilikuwamo katika orodha ya pili, ya wadogo wa kidato cha kwanza, waliokuwa wakifanya mazoezi upande wa pili wa shule kwenye pete moja iliyopinda. Naomba msomaji aniamini kwamba sababu zangu zilikuwa njema. Kule kwa wadogo angepata mpira mara nyingi. Angejifunza kukanyaga bila kuchekwa. Nilikuwa nimekusudia kumrudisha mwezi wa Mei, nimtie katika kumi kabla ya mashindano. Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu hakikuwa na dirisha. Nilidhani karatasi inatosha.

Juma la mwisho la Februari likaja gazeti lenye habari ya Hasheem wa kweli kupelekwa Dakota. Wanafunzi walikata kipande kile cha gazeti wakakibandika kando ya karatasi yangu. Jina lililokuwa sifa likageuka dhihaka kwa siku moja. Walimwuliza kama Dakota kuna baridi. Walimwuliza nauli ya kurudi Memphis ni kiasi gani. Mimi nilikiona kipande kile cha gazeti, nikakicheka kimoyomoyo, nikakiacha pale kwa siku mbili.

Mwanzo wa mwezi wa Machi kijana hakuonekana mazoezini, kisha hakuonekana darasani. Nikaambiwa amevuka mto kurudi kwao. Katika miaka ile hapakuwa na daraja. Tulivuka kwa kivuko, na masika yakishika mto hufurika ukafunika nyanda zote, watu wakakaa ng'ambo kwa siku nyingi. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba nitamfuata maji yakipungua. Yalikuwa maneno mazuri, lakini siku niliyoyasema maji yalikuwa hayajaja. Kivuko kilikuwa kikivuka asubuhi na jioni, na nauli nilikuwa nayo mfukoni. Maji yalipokuja yalinipa udhuru, na udhuru ulipopatikana nikaushika kwa mikono miwili. Kijana hakurudi shuleni. Timu yangu ilitolewa mapema mwezi wa Juni, na mchezaji wa kati tuliyemkosa ndiye aliyetupunguza nguvu. Alasiri ile ile niliketi barazani nikamtetea Hollins.

Ubishi wa baraza haukufa. Ulipata kuni mpya. Mwezi wa Februari 2011 Memphis ilimpeleka Hasheem Houston, na katika badilishano lile ikampata Shane Battier, mchezaji mzee wa busara. Mwezi wa Aprili Memphis ikakutana na San Antonio, timu iliyokuwa ya kwanza katika upande wa magharibi, na katika mchezo wa kwanza Battier akatupa mpira wa pointi tatu katika sekunde za mwisho uliowapa ushindi. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa Memphis katika michezo ya mtoano tangu timu hiyo iundwe. Wakaishinda San Antonio michezo 4 kwa 2. Fundi alileta gazeti akalitandika juu ya gunia kama mtu atandikaye hati ya shamba. Mzee wa reli naye hakukosa jibu. Alisema kwamba aliyechaguliwa wa tatu mwaka ule, James Harden, na wa saba, Stephen Curry, waliachiwa uwanja wakue. Na miaka ilivyopita, wote wawili wakapata tuzo ya mchezaji bora wa ligi, alikuwa akitukumbusha kila mara. Fundi akamjibu kwamba mbegu si moja. Hasheem alipita Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza Japani na Taiwan. Wala hakuacha mchezo. Kila upande ulijiona umeshinda.

Nilikuja kutambua baadaye kwamba katika miaka yote ile tulibishana juu ya jambo moja tu: acheze au asicheze. Tulihesabu dakika za kijana uwanjani kama bahili ahesabuvyo fedha. Hakuna miongoni mwetu aliyeuliza kijana aambiwa nini anapotolewa, na nani amwambia, na kwa uso gani. Swali hilo halikuwamo gazetini, kwa sababu halina tarakimu. Wala mimi, niliyekuwa karibu nalo kuliko wote, sikuliuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na lilinichoma.

Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa ubishi mwingine. Taifa Stars ilikwenda Misri katika fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu mwaka 1980, chini ya mwalimu Emmanuel Amunike wa Nijeria. Tarehe 27 Juni tulicheza na Kenya. Tukatangulia mara mbili, kwa Simon Msuva na kwa Mbwana Samatta, na mwisho tukafungwa 3 kwa 2. Kesho yake baraza lilijaa. Ilikuwa wakati wa mavuno, mashine inanguruma, vumbi la pumba limetanda, na kila mtu anapiga kelele ili asikike. Nani alifaa kuanza? Nani ameachwa nyumbani? Vijana wapewe nafasi, au wazoefu? Mzee wa reli alikuwa amekwisha kuzeeka sana, anasikia kwa sikio moja, lakini sikio hilo moja lilikuwa bado upande wa vijana.

Katika makelele yale pakaja pawatila imebeba magunia, na dereva wake akashuka. Aliposimama, kivuli chake kilifika benchini kabla yake. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikaitikia "Marahaba," na sauti yangu haikuwa imara. Alikuwa mtu mzima sasa, mfanyabiashara wa mpunga, anavuka kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018 mahali ambapo zamani tulingoja kivuko. Akaniambia ana mke na watoto wawili. Akaninunulia kahawa. Tukazungumza bei ya gunia, tukazungumza mvua. Mwisho nikasema lile nililopaswa kulisema miaka tisa nyuma: "Mwanangu, mimi nilikukosea. Nilikuweka nje."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Kuwekwa nje sikukuona kuwa kosa. Nilicheza vibaya, nilijua mwenyewe. Ungeniambia ngoja, ningengoja. Lakini sikujua nangoja nini." Akanyamaza kidogo, akanywa kahawa yake. Kisha akasema, si kwa kulaumu, bali kama mtu akumbukaye jambo la mbali: "Kule kwa wadogo siku ya pili nilifunga vikapu sita. Nikageuka kutazama kama umeona. Ulikuwa umesimama kwenye kiwanja kikubwa, umetupa mgongo."

Nilitafuta la kujibu, sikulipata. Nilikuwa na sababu zangu zote zile njema, ya mwezi wa Mei, ya miguu, ya kumkinga na kicheko. Zilikuwa bado zimo kichwani kama nguo zilizohifadhiwa sandukuni kwa mtoto ambaye amekwisha kukua. Kumwambia wakati ule kungekuwa kujisafisha mimi, si kumpa yeye kitu. Nikamwambia neno moja tu: "Samahani." Akasema: "Yamepita, Mwalimu." Akaenda kupakua magunia yake. Akiinua gunia aliliweka begani kwa mkono mmoja, na miguu yake, niliona, ilijua pa kukanyaga.

Baraza likanigeukia. Fundi akaniuliza: "Mtaalamu, wewe wasemaje juu ya Amunike? Kosa ni la kikosi au la wachezaji?" Nikajibu kwamba sijui, nao wakacheka, maana kwa miaka kumi hawakupata kunisikia nikisema neno hilo. Siku chache baadaye, katika mwezi wa Julai, Amunike aliondolewa kazini, na baraza likaanza kumchagua mwalimu mwingine.

Sikuandika haya ili niseme kwamba mwalimu lazima amchezeshe kila kijana. Hilo si kweli, na anayelisema hajapata kuwa na nafasi tano na vijana kumi. Kuchagua ni kuacha. Hapana mchaguzi asiyemwumiza mtu. Wala sisemi kwamba watazamaji wanyamaze. Watazamaji wana haki ya kubishana, kwa kuwa upendo usiobishana ni upendo wa mgeni. Na mzee wa reli, ambaye hakuona mchezo hata mmoja, alimtetea kijana wa mbali kwa moyo ambao mimi sikuwa nao kwa kijana wa karibu. Nisemalo ni dogo zaidi. Atoaye kijana uwanjani ana deni kwake la maneno mawili: amepungukiwa nini, na atatazamwa tena lini. La kwanza humfunza, la pili humshika asiondoke. Deni hili halimgharimu mwalimu ushindi hata mmoja. Humgharimu nusu saa na aibu kidogo.

Mimi bado nafundisha. Karatasi ya majina bado naibandika siku ya Jumatatu, lakini siku ya Ijumaa huwaita mmoja mmoja wale ambao majina yao hayatakuwamo. Hukaa nao chini ya msaji ulio kando ya kiwanja, nikawaambia yale mawili. Si wote waridhikao. Mwaka jana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa adabu, kisha akaacha mchezo; nami sikuweza kumzuia. Lakini aliondoka akijua sababu, na mimi nilijua kwao ni wapi, nikaenda. Jioni, baada ya mazoezi makubwa, hupita upande wa pili penye pete iliyopinda, nikasimama nikitazama wadogo. Nina daftari dogo mfukoni. Ndani yake nimeandika jina la kila aliye kule, na mbele ya jina nimeandika tarehe, kwa maana mama yule alisema kweli: atiaye mbegu kitaluni huhesabu siku.